Gauni la Sare

Tupokigwe alikuwa akilipunguza tena kiunoni gauni la sare ya harusi, mwanawe amesimama mbele ya cherehani, mbavu zinahesabika.

“Umekatika, mwanangu! Shangazi zako watakoma,” alimsifu, kama alivyozoea kumsifu kila mtoto aliporudisha sahani haijaguswa.

“Sijikondeshi ili nipendeze, mama.” Mtoto akajishika kifua kilichokuwa bapa. “Nikila, matiti yanarudi. Mie si msichana. Nilishakwambia.”

Kweli alimwambia, siku alipoomba ashonewe suruali kama kaka zake. Tupokigwe alicheka, akakata gauni.

Pini ikamchoma kidoleni. Hakuitoa.

“Nikikushonea suruali, utakula?”

Mtoto alitazama vipande vilivyorundikana miguuni pa mama yake.

“Kitambaa si ulishakikata, mama?”