Rangi ya Mti wa Mawazo

Mtaani kwao, ukuta ukitiwa alama ya rangi nyekundu, nyumba hiyo inabomolewa. Kwa hiyo bibi Mawazo alipoona mstari mwekundu umezunguka mti wake wa grevilea, aliacha mboga ya sombe motoni, akateremka mbio hadi ukingo wa mto Ntahangwa, akaukumbatia mti. Rangi mbichi ilimganda kifuani.

“Mukate mi kwanza!” alimfokea kijana wa mradi wa mazingira aliyeshika kopo la rangi. “Mvua ilibeba nyumba ya jirani. Yangu ilishikwa na mizizi hii!”

“Apana, mama. Muti ya rangi haikatwi. Rangi inatuonyesha pa kupimia unene. Kila mwaka tutarudia, tujue imekula moshi ngapi ya hewani.”

“Kila mwaka?”

“Kila mwaka. Lazima tuikute.”

Mawazo aliuachia mti. Alimshukuru Mungu, akamshukuru kijana, akaupigapiga mti kama mtoto aliyepona homa.

Kijana akampa kitambaa chenye mafuta ya taa, ajifute kifua.

Mawazo alikisukuma.

“Iache rangi, mwanangu. Mwaka kesho munikute na mi.”