Mikono Tu, Uso Hapana

"Uso usiingie, dada Zeina! Rudi nyuma kidogo. Mikono tu."

Shadya alikuwa amesimama juu ya stuli, simu kaielekeza kwenye sufuria ya pilau. Zeina akarudi nyuma, akaendelea kukaanga vitunguu, mikono yake yenye hina ikionekana peke yake kwenye kioo cha simu. Nje ya kibanda, uchochoroni nyuma ya Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, wapagazi walishaanza kuulizia chakula. Wangoje. Leo palikuwa na jambo kubwa kuliko njaa zao.

Video ile ilikuwa inaenda Muscat. Ubeid, mume wa Zeina, alikuwa kule tangu mwaka jana, na kila ujumbe wake wa sauti ulikuwa kilio kitupu. Kodi ya chumba kimoja inameza mshahara mzima. Nyanya mtu ananunua huku anajipapasa mfuko. Ada ya shule ya mtoto, usiseme! "Mke wangu, huku mtu mmoja hawezi kulisha familia."

Alichopata ni kazi ya kuhudumia wateja kwenye mkahawa wa mama mmoja, Bi Huda, ambaye hata simu alimwazima salio lilipomwishia. Bi Huda alikuwa na nyumba ndogo nyuma ya mkahawa. Angempa Ubeid akae bure na familia yake, ila kwa sharti moja: mkewe aje awe mpishi. Na kabla ya kumwombea viza, alitaka aone kwanza anavyopika.

"Lakini uso wako usipigwe," Ubeid alisisitiza. "Mkahawani kuna wanaume. Sitaki mke wangu azunguke kwenye simu za watu. Na maelezo atoe Shadya, maana wewe ukishikiwa simu unababaika."

Zeina alicheka peke yake. Miaka yote ya ndoa mwanamume hana habari na wivu, leo bahari iko katikati ndiyo anaanza! Alifurahi, kusema kweli. Siku nzima aliwaongezea wateja nyama bila kuombwa.

Shadya huyu alikuwa binti wa Lindi, sauti tamu, mwepesi wa kazi. Ubeid mwenyewe alimleta kabla hajasafiri, akasema ni mpwa wa rafiki yake Uwesu, afundishwe kazi ili Zeina akiondoka wateja wasitawanyike. Na Zeina alimfundisha, jamani, si nusu nusu. Alimfundisha kupima maji ya mchele kwa jicho, kujua nyama imeiva kwa harufu, hata masala ya marehemu mama yake ambayo mawifi waliyaomba mpaka wakachoka.

Evarista, muuza madera wa kibanda cha pili, uvumilivu ulimshinda. "Shoga, fundi mwenye akili huacha siri moja mfukoni. Huyu mtoto atakunyang'anya kibanda mchana kweupe."

"Achukue," Zeina akamjibu. "Nampa kwa mikono miwili. Nikishafika Muscat, kibanda cha nini?"

"Haya. Mimi yangu macho."

Video ikapendwa. Ubeid akapiga simu anashangilia: viza imetoka, safari Ijumaa! Zeina akapiga vigelegele mpaka wapagazi wakadhani kuna harusi. Akauza kitanda, kabati na friji. Akamwambia mwenye nyumba kule Jangwani kwamba anahama, tena bila huzuni, maana mvua za mwaka huu zilimwingilia ndani mpaka zikalowesha magodoro. Tasneem, binti yake wa miaka sita, akawa anaaga mtaa mzima, kila mtu akimwambia anamfuata baba.

Jumatatu Shadya akaja macho mekundu. Bibi yake amefariki, Lindi. "Nitarudi kabla hujaondoka, dada," alisema, akamkumbatia Zeina na kulia kwa kwikwi. Zeina naye akalia. Akamfungia kopo la masala akawapikie wafiwa, akambebea begi mpaka barabarani. Begi lilikuwa zito kwa safari ya msiba, lakini wasichana nao, kwa nguo!

Alhamisi ikafika, Shadya hajarudi na simu yake haipatikani. Evarista akaja, mikono kiunoni. "Nilisema, sikusema?"

"Kwani kaiba nini? Kibanda hiki hapa, funguo hizi hapa!" Zeina alimtetea mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Lakini moyoni kulimuuma. Mtoto amemlea, amempa mpaka masala ya mamake, hata simu ya kumuaga hakupiga? Na Ubeid naye tangu juzi hapokei. Atakuwa anaitengeneza ile nyumba, Zeina alijiambia, wanaume wakishika kazi hawasikii simu.

Simu ikaita. Namba ya Muscat, ile ya Bi Huda. Zeina akaidaka mbio, akijua Ubeid salio limemwishia tena. Kumbe ni sauti ya mwanamke.

"Asalaam aleikum, mwanangu. Mimi Bi Huda, mwenye mkahawa."

"Waaleikum salaam. Shikamoo, mama!" Zeina akajiweka sawa mtandio, utadhani anaonekana.

"Marahaba. Mke wa Ubeid kafika salama juzi, alhamdulillahi, ila jiko limemzidi akiwa peke yake. Nikaikumbuka namba hii, maana Ubeid aliniambia ni ya yule msichana aliyekuwa akimwoshea mkewe vyombo huko Kariakoo. Je, mwanangu, hutaki kuja huku uendelee kumsaidia?"