Kijiti cha Pamba

"Inua pua," Hanneke alisema, akakipenyeza kijiti cha pamba puani mwa mzee Toon kabla hajamaliza kulalamika.

"Sista, nguruwe wangu wana adabu kuliko wewe."

"Hao hao ndio wenye kesi. Huingii humu mpaka majibu yatoke."

Nyuma ya kioo alilala Gijs, mjukuu wa Toon. Njiti, kilo moja na robo. Tangu Jumatatu damu yake ilikuwa na bakteria asiyetishwa na dawa. Tatu zilishashindwa, ilibaki moja, nayo huharibu figo.

Kuzuia maambukizi hospitalini ilikuwa kazi ya Hanneke. Mama, baba, wauguzi wa wodi, wote aliwapima, wote safi. Alibaki mfugaji. Katika mkoa mzima wa Brabant, mwenye nguruwe ndiye huhojiwa kwanza.

"Nguruwe wakiugua unawapa dawa?"

"Nawapa."

"Mpaka dozi iishe?"

"Wakichangamka naacha."

"Hapo ndipo mnapotumaliza. Wadudu dhaifu wanakufa, sugu wanabaki wanazaana. Halafu wanahamia puani mwa mtu mzima kama wapangaji, miezi na miezi. Kinga ya mwili haiwasumbui, na mwenye pua hata mafua hapati."

Hanneke aliyajua hayo nyumbani kwake. Harm, mumewe, aliacha vidonge katikati mara tatu, mpaka kidonda cha mguu kikammaliza. Alimuuguza mwenyewe nyumbani. Sasa pete yake ilining'inia shingoni mwa Hanneke, ndani ya sare, maana vidoleni kanuni hairuhusu.

"Na wewe anakupima nani?" Toon aliuliza.

"Mimi ndiye mpimaji, babu. Nenda nyumbani."

Alinawa hadi viwikoni, akaipapasa pete kidogo kama kila asubuhi, akaingia kuchukua sampuli ya Gijs. Toon alibaki akimpungia mtoto mkono kupitia kioo.

Siku ya pili yake, Hanneke akiwa mlangoni pa wodi, simu ya ukutani ililia. Alikuwa Wiebe wa maabara.

"Mzee wako ni safi. Na huyu mdudu si wa nguruwe. Tunaye pacha wake kwenye friza tangu mwaka jana." Akashusha sauti. "Hanneke, alitoka kwenye mguu wa Harm."

Hanneke alikuwa ameshanawa mikono. Mmoja ulishika simu. Wa pili ulikuwa shingoni, kwenye pete.