Mara Moja Tu

"Huu uchafu ameuandika nani?"

Chumba kizima cha waandishi wa programu kiligeuka kumtazama. Bosi, mwanamke mrefu asiyejua kunong'ona, alikuwa amekunja uso mbele ya kompyuta kama mtu aliyefunua sufuria akakuta chakula kimechacha.

"Mimi, bosi," alisema Profesa, mzee wa ofisi aliyepewa jina hilo kwa sababu ya miwani, si kwa sababu ya elimu.

Siku tatu mfululizo mfumo wa tiketi za treni ulikuwa ukianguka asubuhi, dakika ile ile madirisha ya kukatia tiketi yanapofunguliwa, na abiria wakabaki kulaani. Chanzo kilikuwa hapa, kwenye mistari ya Profesa ya kuwasha maktaba, yaani msimbo wa kuazima ulioandikwa na watu wengine. Maktaba hiyo ilipaswa kuwashwa mara moja tu kabla ya kutumiwa. Ikiwashwa na wawili kwa pamoja, inavurugika yote.

"Lakini programu inaangalia kwanza," Profesa alijitetea. "Dirisha likifunguliwa linauliza, imeshawashwa? Kama bado, linawasha, kisha linaweka alama."

"Kisha! Na madirisha mawili yakiuliza kwa wakati mmoja?"

Bosi aligonga kioo cha kompyuta kwa kidole.

"Yote yanaambiwa bado. Yote yanawasha. Hiyo alama yako inafika mambo yameshaharibika. Mtu mzima na mvi zako, Profesa!"

Alimsogeza pembeni, akaandika mwenyewe. Funga kufuli kwanza. Angalia ukiwa ndani. Washa. Weka alama. Ndipo umfungulie mwenzako. Mistari mitano, basi. Kilichomtia kinyaa si kosa lenyewe, maana kukosea ni kwa kila mtu. Ni ule uvivu wa kudhani kwamba uko peke yako duniani.

Saa kumi na moja jioni aliondoka bila kuaga.

Nyumbani alimkuta mama amejilaza chumbani kwake. Yeye na mdogo wake wa kiume walisaidiana kumuuguza: anayewahi kurudi kazini ndiye anayemchoma sindano ya jioni ya kushusha sukari. Daktari aliwaonya wote wawili, tena kwa kidole. Mara moja tu. Mkirudia, kwa umri wake huu, hamtamwamsha. Ndiyo maana bosi alibandika karatasi ukutani, juu ya kitanda, na kalamu ikining'inia kwa uzi. Choma, kisha weka alama ya vema. Utaratibu aliutunga mwenyewe na alijivunia.

Alitazama karatasi. Mahali pa leo palikuwa patupu. Mdogo wake huyo naye! Sasa hivi ni saa kumi na mbili, na mama hajaguswa. Kazini wazembe, nyumbani wazembe. Alichoka kuzungukwa na watu wasiofikiri.

Chumba kilinuka spiriti. Akasonya, akafungua dirisha. Siku hizi harufu hiyo haibanduki humo ndani.

"Jamani, tena?" mama alinung'unika, macho ameyafumba. "Mtanitoboa kama chujio."

"Kila siku wimbo huo huo, mama. Haya, lete mkono."

Alivuta dawa, akaipima mara mbili kwenye mwanga, akachoma. Taratibu, kwa mkono usiotetemeka. Mama aliguna kidogo, akageukia ukutani.

Bosi alinyanyua mkono aweke vema. Uzi ulining'inia mtupu, kalamu haipo. Hata kalamu! Alikuwa akipekua mkoba wake, huku akisonya, aliposikia mlango wa mbele ukifunguliwa. Mdogo wake aliingia akihema, kalamu mpya mkononi.

"Afadhali umefika, dada. Ile nyingine imekwisha wino kabla sijaweka vema, ikabidi nikimbilie dukani."