Kizazi cha Kumbikumbi

"Nusu mshahara ni mshahara!" Baba alipiga meza mpaka kijiko kikaruka. "Unasaini au husaini?"

"Sisaini."

"Rudia!"

"Sisaini, baba."

Mama aliacha kupiga pasi shati la mwanawe. "Jamani, majirani wanasikia."

"Wasikie! Wasikie nimezaa mfalme!"

Miaka minne tangu amalize shule, kijana hajawahi kushika kazi ikazidi wiki mbili. Mwaka wao walizaliwa kama kumbikumbi. Darasani watu mia na kumi, dawati moja wanne, wa mwisho tako moja liko hewani. Sasa wote wamehamia geti moja, la kiwanda cha sabuni, kila mmoja anamshushia mwenzake bei. Jana ndo kaitwa yeye. Kapewa barua, kaikunja, katia mfukoni. Nyumbani kasema tu kwamba wanalipa nusu.

"Sisi walitufuata majumbani!" Baba ana miaka ishirini na sita kazini palepale kiwandani, anaendesha mashine ya kukatia miche ya sabuni. "Wewe nimekupigia magoti kwa msimamizi, mtu mzima mimi, ili akukumbuke!"

"Mlikuwa wachache, baba. Nyie mliitwa. Sisi tunafukuzwa getini."

"Ndo maana nakwambia saini!"

"Kuna mtu wanamtoa ili niingie mimi."

"Huyo mtu ni mjomba wako?"

Kijana akaibonyeza barua mfukoni.

"Si nakuuliza? Ni mjomba wako?"

"Hapana."

"Basi atoke! Ukikataa wewe, kabla hujafika kona washampata mwingine. Si bora hiyo nusu iingie humu ndani?" Machozi yakamtoka. "Mdogo wako muhula huu hasomi. Mama yako dawa anakunywa leo, kesho anaruka. Mshahara wangu peke yake haufiki, mwanangu. Haufiki."

Hakuna aliyewahi kumwona baba analia. Kijana akaangalia sakafu.

"Haya. Nasaini."

Baba akamkamata mabega, akacheka huku machozi yanamtiririka. Mama akamvika lile shati, bado la moto. Kijana akaenda mlangoni.

"We, subiri! Wamekupa mashine gani? Jumatatu nipite nikuelekeze."

Kijana alikuwa ameshashika kitasa. Hakugeuka.

"Yako, baba," alisema, akatoka, akafunga mlango.