Jiwe la Msingi la Mheshimiwa Mbwilo

Kwa vipindi vitatu Mheshimiwa Mbwilo aliketi katika bunge la jimbo, na kila uchaguzi ulipokaribia aliweka jiwe la msingi la zahanati ileile. Jiwe lenyewe lilikuwa moja, bamba la marumaru lililochongwa jina lake. Leo waziri alikuwa njiani kuja kulifunua. Pazia lilikuwa limeshatundikwa, na nyuma yake hapakuwa na kitu.

Alilikuta sokoni kwa Bi Siwatu, ambaye alikuwa akisukumia chapati juu yake.

"Shikamoo, mama. Hilo ni jiwe la serikali."

"Marahaba, mwanangu. Lililala majanini miaka minne. Nikaona angalau lihudumie wananchi."

"Waziri anafika sasa hivi. Asipolikuta, chama hakitanisimamisha tena."

"Basi nisaidie. Nimebakiza madonge sita."

King'ora kilisikika darajani. Kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe, Mheshimiwa alivua koti, akakunja mikono ya shati na kufanya kazi jimboni. Chapati zake zilitoka na pembe tano tano, kila moja ikiwa na jina lake kinyumenyume.

"Hii nayo umeionea," alisema Bi Siwatu, akaitupia kikaangoni.

Donge la mwisho lilipogusa marumaru, Mheshimiwa aliinua macho. Kule kiwanjani pazia lilipepea peke yake. Waziri alikuwa kwenye foleni ya chapati, nyuma ya fundi baiskeli, sahani mkononi.