Mgongo wa Mzee

Bi Mwanakheri alitoka eda jana. Leo alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mwanawe Badi, akaketi mbele ya kompyuta. Alitaka kumwona marehemu mumewe katika filamu ya kwanza ya kijana wao.

Badi akabonyeza. Mzee akatokea, kanzu imenyooka, akivuka ua kuelekea mlangoni. Mgongo tu ndio ulioonekana.

"Mbona hageuki?"

"Nilimkataza, mama."

Siku ya kupiga filamu, kila kamera ilipowaka, mzee alifika katikati ya ua akageuka kumtazama mwanawe, akitabasamu, kama anayeuliza kama amepatia. Mwishowe Badi alimfokea mbele ya watu wote: "Baba, unaniharibia kazi!" Hapo ndipo mzee alipovuka bila kugeuka.

"Na picha zile alizogeuka ziko wapi?"

"Nilizifuta. Niliziona mbovu."

Bi Mwanakheri akasogeza kiti karibu zaidi.

"Irudishe."

Badi akairudisha. Mzee akaanza tena kuvuka ua. Alipokaribia katikati, Bi Mwanakheri akauweka sawa mtandio wake kichwani, akatabasamu.